Wanafunzi wa uuguzi tunataka kumuona mbunge kuhusu kujichoma sindano fildi, tuanzie wapi?

KanulaYaUsiku:

Habari za muda huu wakuu, shikamooni wakubwa zangu wote mliomo humu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi ngazi ya diploma mwaka wa tatu, chuo sitakitaja maana sitaki kuitwa ofisini kwa mtu.

Ishu yetu ni hivi. Tukiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo hospitalini, tunafanya karibu kila anachofanya stafu, tunachoma sindano, tunaweka kanula (kile kimrija cha dripu kwenye mshipa), tunasafisha vidonda, na usiku unakuta wodi nzima ina stafu mmoja tu na sisi wanafunzi ndio mikono yake. Sasa juzi kati mwenzetu kajichoma, alikuwa anatoa kanula kwa mgonjwa anayehangaika kitandani, sefti boksi, kile kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika, imejaa mpaka sindano zinachungulia mdomoni, kwenye kuisukumiza ile sindano iingie ikamrudia kidoleni. Hapo ndo mziki ulipoanza. Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, akamwambia nenda CTC, ile kliniki ya VVU, kufika CTC akaambiwa alete fomu, fomu ina sehemu ya mwajiri na yeye mwajiri hana, hospitali ikasema huyu ni wa chuo, chuo kikasema tukio limetokea hospitali. Dawa za PEP, zile za kuzuia VVU ambazo lazima uanze ndani ya saa 72, alikuja kuzianza kesho yake jioni, yaani muda haujapita ila roho ilikuwa mkononi. Na chanjo ya homa ya ini B hakuwa nayo kwa sababu kila mtu anajilipia na wengi wetu tunasema nitachanja boom (hela ya mkopo) likitoka.

Sasa tumekaa kama darasa tumesema inatosha, tunataka wabunge watunge sheria ya kumlinda mwanafunzi wa afya akiwa fildi. Tumeshaandika risala ndefu yenye madai yetu yote, kuanzia sindano, posho, malazi, uchache wa wauguzi, mpaka ajira baada ya kumaliza. Maswali yangu: ni lazima twende Dodoma? Tumuone mbunge wa pale chuo kilipo au kila mtu wa kwao? Na chuo hakitasema tunafanya siasa? Naombeni mwongozo kutoka kwa wenye uzoefu, sio kejeli.

mtazamaji_tu:

Dogo soma umalize chuo, hao watu ukiwapelekea shida zako wanapiga picha na nyie wanaweka status wanasepa. Mtakuja kunikumbuka.

MetroniMstaafu:

Marahaba mwanangu KanulaYaUsiku, na pole sana kwa mwenzenu. Huyo hapo juu msimjali, ingawa kwenye suala la picha hajakosea sana.

Kwanza hiyo risala. Nimekaa kwenye shughuli nyingi za Siku ya Wauguzi, ile ya tarehe 12 Mei, na risala nimezisikia mpaka nikazeeka nazo. Zinafanana zote. Mnaanza na "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio tuliyoyapata zipo changamoto chache", halafu changamoto chache zenyewe zinajaza kurasa, na mgeni rasmi anasimama anasema yote nimeyachukua tunakwenda kuyafanyia kazi, mnapiga makofi, mnakula, basi. Mtu akichukua mambo kumi na tano kwa mpigo hajachukua hata moja, na hamuwezi kumrudia mwakani kumuuliza lile letu limefika wapi, kwa sababu lipi? Hilo la sindano linajitosheleza lenyewe. Posho na malazi yaacheni kwanza, najua inauma.

La pili mwanangu, msiende na hadithi tu. Kujichoma sindano kuna hatari inayojulikana na mbunge ambaye si mtu wa afya anahitaji kuelezwa kwa lugha ya nyumbani: sindano iliyotoka kwa mtu mwenye VVU, uwezekano wa kukuambukiza ni kama 0.3%, lakini ikitoka kwa mtu mwenye homa ya ini B na wewe hujachanjwa unaweza kufika mpaka 30%. Watu wanaogopa ukimwi wanasahau ini, na ini ndilo lenye chanjo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Ukimwonyesha mbunge namba hizo mbili zikiwa pamoja ataelewa kwa nini mnasema mwanafunzi asiingie wodini kabla hajachanjwa. PEP inamezwa siku 28 na ina maudhi yake, lakini ipo. Ila kama huyo mwenzenu angeendelea kuzungushwa mpaka siku ya nne ingekuwa haina maana tena, na hicho ndicho cha kusema mezani.

La tatu, na hapa niko mkali kidogo. Nikisikia kuna mtu amebeba picha ya mgonjwa kwenye simu kwenda kumwonyesha mheshimiwa hali ya wodi, mjue mmeshaharibu. Siri ya mgonjwa ni siri hata kama nia yenu ni njema, na sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ya mtu ni kitu nyeti kisheria. Pigeni picha ya sefti boksi iliyofurika kwa ruhusa ya inchaji, bila sura ya mtu wala jina la faili, inatosha kabisa.

MezaYaKamati:

Nimewahi kufanya kazi karibu na shughuli za Bunge kwa hiyo ngoja niongezee upande wa huko.

Kabla ya kusema tunataka sheria, jiulizeni kama kweli kinachokosekana ni sheria. Mambo mengi watu wanayopeleka kwa wabunge hayahitaji sheria mpya hata kidogo, yanahitaji kanuni ya waziri, au mwongozo, au waraka wa ukurasa mmoja, au tu mtu kulazimishwa kutekeleza kilichopo. Mfano Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, isomeni, haikuishia kwa wafanyakazi tu, inagusa na watu wengine wanaowekwa hatarini na kazi inayofanyika pale. Halafu chukueni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, angalieni mfanyakazi anatafsiriwaje na muone mwanafunzi wa fildi anaangukia wapi, akiwa nje kabisa basi hapo ndo mna hoja ya marekebisho ya sheria, akiwa na kamlango hoja yenu inabadilika. Halafu Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inayoongoza Baraza lenu. Mkifika kwa mbunge mnasema tunataka sheria, akawauliza sheria ipi na kifungu gani, mkaangaliana, mazungumzo yameisha hapo hapo.

Pia jueni nani mwenye mlango. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI, sera na hospitali kubwa ni Wizara ya Afya. Sefti boksi kujaa kwenye kituo cha afya hiyo ni ya halmashauri yenu na wala hamuhitaji kwenda Dodoma, diwani wenu anaweza kuisemea kwenye baraza, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo hilo. Watu wanamsahau sana diwani.

Sasa Bunge lenyewe. Kuna kwenda Bungeni na kuna kupeleka hoja Bungeni, ni vitu viwili. Mkiomba ziara mtakaa jukwaani juu, baada ya maswali Spika atatambulisha wageni, "wapo wanafunzi wa uuguzi kutoka chuo fulani, karibuni sana", mnasimama, wabunge wanagonga meza, mnakaa. Ndo imeisha. Ni siku nzuri, nendeni mkipata nafasi, ila msirudi nyumbani mkisema tumefanya utetezi.

Kinachofanya kazi ni kumpa mbunge swali. Sio malalamiko, swali, limeshaandikwa, la sentensi moja. Asubuhi saa tatu kikao kinaanza na maswali, mbunge akiwa na swali la msingi anajibiwa na waziri au naibu, halafu mnamsikia anasema "nina maswali mawili madogo ya nyongeza". Hayo madogo ndiyo makubwa. Kwa hiyo waandikieni yote matatu. Na msiandike lile la kila siku la "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwalinda wanafunzi", maana jibu lake linajulikana kabla hata halijaulizwa, Serikali ina mpango wa kuendelea kuwalinda wanafunzi, ahsante. Andikeni hivi: Je, kati ya chuo na hospitali, nani anawajibika kugharamia chanjo ya homa ya ini B na matibabu ya mwanafunzi wa kada za afya anayejichoma sindano akiwa mafunzoni? Hapo waziri lazima amtaje mtu. Akishamtaja, nyongeza ya kwanza inauliza kama atatoa waraka kabla ya mwaka wa masomo ujao, na ya pili mbunge anaweka jina la kituo cha jimboni kwake. Mbunge yeyote anapenda jimbo lake litajwe pale.

Ila kabla hamjaandika, ingieni kwenye tovuti ya Bunge mkatafute Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala. Inawezekana swali linalofanana na lenu lilishaulizwa na likajibiwa. Hapo mmeokota dhahabu, kwa sababu mnamwendea mbunge na jibu la waziri mkononi mnamwambia mheshimiwa, Serikali ilisema hivi na hali wodini ni hivi.

Njozi_ya_BScN:

Mi naona mnapunguza sana mambo. Sindano ni dalili tu bana, ugonjwa ni uchache wa wauguzi. Huyo dada kajichoma usiku wodi ina stafu mmoja, angekuwepo mtu wa kumshika mgonjwa asingejichoma. Wenzetu California kule Marekani walipitisha sheria 1999, kanuni zake zikaanza kutumika 2004, zinataja kabisa muuguzi mmoja wagonjwa wangapi, ICU (wodi ya mahututi) ni wawili. Na kuna utafiti maarufu wa Linda Aiken na wenzake wa 2002, hospitali za Pennsylvania, kila mgonjwa mmoja anapoongezeka kwa muuguzi uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa 7%. Hiyo ndo hoja ya kupeleka kwa wabunge sio visanduku.

MezaYaKamati:

Mkuu Njozi hoja yako ni ya kweli na huo utafiti ni mzito. Lakini fikiria upande wa anayepokea. Sheria ya idadi ukiipitisha leo, kesho halmashauri inatafuta wauguzi ambao kibali cha kuwaajiri haina na fungu la mishahara halina. Hiyo ni vita ya bajeti, ina watu wake wakubwa, chama cha wauguzi, Wizara, Utumishi, Hazina, na tangu Azimio la Abuja la 2001 la asilimia 15 ya bajeti kwenda afya tunajua inavyokwenda. Wanafunzi wakiibeba peke yao watapewa pole. Hili la sindano ni lao, wao ndio wenye ushahidi, na gharama yake serikali inaibeba bila kutoa jasho. Wakishinda hili dogo, siku nyingine wakirudi na la idadi mbunge anawajua kwa majina.

Na sheria kubwa zina mwendo wake. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukaja kupitishwa Novemba 2023. Hapo katikati wadau waliitwa mbele ya kamati kutoa maoni. Siku Muswada unaowahusu ukija, Kamati ya Afya na Masuala ya UKIMWI hutoa tangazo na muda unakuwa mfupi sana, mwenye maoni yaliyoandikwa tayari ndiye anayesikika. Tangu 2021 miswada inakuja kwa Kiswahili kwa hiyo hakuna kisingizio cha hatukuelewa.

KanulaYaUsiku:

Aisee mmenifungua macho wakuu, nimesoma mara mbili mbili. Metroni mama yangu, ile risala nimeshawaambia wenzangu tunaikata, kuna ambao wamenuna kwa sababu ya posho lakini wataelewa tu. Bado lile la chuo kusema siasa, na mbunge yupi?

MetroniMstaafu:

Chuoni piteni kwa serikali ya wanafunzi, barua ipitie kwa mkuu wa chuo, sare za chuo na jina la chuo msitumie bila ruhusa. Na msivae rangi ya chama chochote siku hiyo, hata kitambaa cha kichwa. Mkuu wa chuo naye anaweza kuwa upande wenu, akiona barua inauliza nani anawajibika, atapenda kujua kabla hajaulizwa yeye. Lakini wewe kama raia kumwandikia mbunge wa jimbo lako hakuhitaji ruhusa ya mtu.

MezaYaKamati:

Wote wawili. Wa jimbo la chuo mnamfuata kama kundi kwa sababu hospitali iko kwake, halafu kila mmoja anampelekea wa kwao nakala ile ile. Darasa lenu lina watu wa mikoa mingapi? Swali moja likiwafikia wabunge wa mikoa tofauti kwa wiki moja lina uzito wake. Wapo na wa viti maalum, baadhi yao wametoka kwenye afya, watafuteni.

Muda: msisubiri Mei bajeti ya Wizara inaposomwa, kamati zinapitia mafungu Machi kabla ya Bunge la Aprili, kwa hiyo mkamateni akiwa jimboni kabla ya hapo, au Julai Bunge la bajeti likishaahirishwa. Na mkienda ofisini kwake jimboni mkamkosa msiondoke mikono mitupu, ongeeni na katibu wake, mwachieni karatasi, chukueni namba yake. Ratiba anaijua yeye kuliko mheshimiwa mwenyewe.

mtazamaji_tu:

Hapo kwa katibu ni kweli kabisa. Mpigieni asubuhi, mchana hapokei.