Dikotomia: ni kukata au ni kupingana?

Hoja iliyo mezani ni kama neno "dikotomia" lina haja ya kukaa katika Kiswahili, na likikaa libebe maana gani. Aliyefungua mjadala ameshikilia kwamba ni jina jingine tu la mambo mawili yanayopingana, kama vile moto na baridi, na kwamba "ukinzani" linatosha. Sikubaliani naye, na shahidi wangu wa kwanza ni neno lenyewe.

Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: "dikha", yaani kwa sehemu mbili, na "temnein", yaani kukata. Shina hilohilo la kukata limo ndani ya "anatomia", na limo ndani ya "atomu", kitu ambacho baadhi ya wanafalsafa wa kale waliamini kwamba hakikatiki. Kwa hiyo panapotajwa dikotomia pawepo kwanza kitu kizima, kisha kikatwe vipande viwili ambavyo havina chochote cha pamoja na ambavyo vikiunganishwa haviachi kitu nje. Moto na baridi hushindwa hapo, kwa sababu vuguvugu hukosa pa kukaa. Hai na si hai hufaulu.

Nakiri kwamba mkato ulio safi kimantiki waweza kuwa mbovu kwa mambo mengine. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, alikwisha kuwapinga waliogawa wanyama kwa njia hii, akionyesha kwamba ukitenganisha wenye mabawa na wasio nayo utawapasua sisimizi, ambao wamo pande zote mbili. Msomaji wetu hahitaji hata kwenda kwa sisimizi: kumbikumbi na mchwa hutoka katika kichuguu kimoja.

Wapo waliopendekeza "panda" mahali pake, yaani panda ya mti au ya njia, na pendekezo hilo nalipenda kuliko yote. Mkoma, ambao wengine huuita mkoche, ni mnazi wa ajabu kidogo (mnisamehe wataalamu, najua si mnazi): shina lake hutoa panda, na kila tawi hutoa panda tena, mawili kwa mawili, jambo ambalo ndilo wanabotania wanaloliita dikotomia. Kwa mimea ningeandika "panda" bila kusita. Kwa mantiki siwezi, kwa kuwa njia panda yaweza kuwa na njia tatu au nne, ilhali dikotomia humkatalia msafiri njia ya tatu.