Bunduki ya mitutu miwili ya babu: asili yake ni wapi?

Mkaazi wa Kisauni
Assalamu alaykum. Nimerithi bunduki ya marisawa kutoka kwa marehemu babu yangu wa Mji wa Kale, na suala la kibali nimekwisha kulimaliza na polisi. Ina mitutu miwili iliyolala sambamba, nyundo mbili za nje, na mistari inayopishana juu ya chuma kama mshono wa ukili. Ubavuni pamechongwa "W. Richards". Fundi mmoja amenihakikishia kuwa ni kazi ya Westley Richards wa Birmingham, na anataka kuisugua kwa msasa ing'ae. Je, jina hilo latosha kuwa ushahidi?

Mkusanyaji wa Nyali
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Msasa usiikaribie kabisa, kwa maana utafuta kile kile unachokitafuta. Jina la ubavuni ni la mwisho kuaminiwa: katika karne ya 19 bunduki nyingi za bei nafuu zilichongwa majina yanayokaribiana na ya mafundi mashuhuri wa Uingereza, na "W. Richards" limo katika kundi hilo. Hakikisha haina risasi, toa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, kisha uitoe mitutu yenyewe na uigeuze. Kwenye sehemu bapa za chini, upande wa kitako, utakuta alama za kupimwa, yaani mihuri ya kuthibitisha kuwa mitutu ilijaribiwa kwa baruti ikahimili. Iliyopimwa Birmingham kabla ya 1904 huwa na fimbo mbili za kifalme zilizopishana, taji, na herufi BPC. Ya London huwa na herufi GP zilizofumana chini ya taji.

Mkaazi wa Kisauni
Nimeigeuza leo asubuhi na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Hakuna fimbo wala GP. Kuna duara la umbo la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake, bila taji, na pembeni namba 18.2.

Mkusanyaji wa Nyali
Basi imejieleza yenyewe. Hiyo ni alama ya Liège, Ubelgiji, na kwa kuwa taji liliongezwa juu ya duara hilo mwaka 1893, mitutu yako ilipimwa kabla ya hapo. 18.2 ni kipenyo cha tundu kwa milimita; inakaribia ile Waingereza waiitayo namba 12, yaani tundu ambalo vidonge 12 vya mviringo vya madini ya risasi vinavyolingana nalo hufikia uzito wa ratili moja.

Mzee wa Makupa
Mwanangu, usivunjike moyo kwa kuwa si ya Birmingham. Liège walikuwa mabingwa wa mitutu ya aina hiyo, na mingine waliiuza Uingereza kwenyewe. Mistari unayoiona, ikiwa haikuchorwa juu juu, ni tepe za chuma na feleji zilizosokotwa pamoja, zikazungushwa na kuunganishwa kwa moto na nyundo. Itazame chini, mahali palipofichwa na mbao: mistari ya kweli huendelea hadi huko, ilhali ya kuchorwa mara nyingi hukoma. Mitutu hiyo iliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani, isiyo na msukumo mkali kama ya sasa, kwa hiyo usitie risasi za kisasa hata kwa kujaribu. Ipake mafuta mepesi, wala usiihifadhi katika ala ya ngozi, kwani kwa chumvi ya hewa yetu ngozi hushika unyevu na kutu huanzia hapo.