Mchezo wa njozi kwenye blokichaini: kipi kiandikwe kwenye mnyororo, kipi kibaki kwenye seva?

mfua_upanga:
Wakuu, naombeni mawazo ya usanifu. Mchezo ni wa njozi: mashujaa, panga, majoka, mapango yenye hazina. Shujaa na silaha viwe mali ya mchezaji kweli, aviuze au avihamishe bila kuomba ruhusa. Rasimu ya sasa inaandika kila kitu kwenye mnyororo (daftari la pamoja la blokichaini), hata damu ya shujaa na kila pigo. Matokeo yake, pambano la mapigo 30 linadai saini 30 kwenye pochi ya kidijitali ya mchezaji. Maswali: (1) mpaka uwe wapi? (2) kasha la hazina litoe kitu kwa bahati nasibu vipi bila mtu kulichezea? (3) sarafu ya mchezo isigeuke karatasi isiyo na thamani, mnafanyaje?

biti_256:
Kwa kila data jiulize: seva ikidanganya hapa, mchezaji anapoteza nini? Umiliki wa upanga: anapoteza upanga, basi uende kwenye mnyororo. Damu iliyobaki katikati ya pambano: kesho hakuna anayeikumbuka, iache kwenye seva.

Hesabu zenyewe, kwa Ethereum: kila muamala unalipa gesi (kipimo cha kazi kinacholipiwa ada) 21,000 kabla haujafanya lolote. Miamala 30 ni gesi 630,000 za kubisha hodi tu. Kuandika nafasi mpya ya hifadhi ni 22,100, kubadilisha yenye thamani tayari ni 5,000. Kwa hiyo bana sifa za shujaa zote kwenye nafasi moja ya biti 256: nguvu, wepesi, akili na bahati biti 16 kila moja, daraja 16, uzoefu 32, ukoo 8, muda wa kuzaliwa 40. Hizo ni 160. Biti 96 zilizobaki usiziguse, utazihitaji. CryptoKitties, mchezo wa paka wa 2017, ilifuata njia hiyohiyo: vinasaba vyote vya paka ni namba moja ya biti 256.

Mashujaa wawe ERC-721, kiwango cha tokeni (hati za umiliki kwenye mnyororo) ambapo kila moja ni ya pekee. Mishale na dawa viwe ERC-1155, kiwango cha vitu vinavyofanana, ambako mishale 200 ni namba moja tu, na unaweza kuhamisha aina kadhaa kwa muamala mmoja.

Pambano likiisha, seva inatia saini matokeo kwa EIP-712 (kiwango cha kutia saini ujumbe wenye data), mchezaji anayapeleka mara moja. Ujumbe uwe na namba ya shujaa, namba ya mfululizo (isiyotumika mara mbili), kitambulisho cha mnyororo, anwani ya mkataba (programu inayoishi kwenye mnyororo) na muda wa kuisha. Ukisahau namba ya mfululizo, saini moja ya uzoefu 500 itapelekwa mara mia, nawe utabaki kutafuta hitilafu kwenye seva ambako haipo.

kete_saba:
Nachukua la (2), maana huko ndiko watu wanakoibiwa.

Kosa la kawaida ni kulipia kasha na kupokea kitu ndani ya muamala mmoja, mbegu (namba inayozaa bahati nasibu) ikiwa hashi (alama ya kihesabu) ya bloki (kifurushi cha miamala) iliyopita au prevrandao (namba nasibu iliyomo kwenye bloki). Mjanja anaandika mkataba wake mdogo unaoita wa kwako, unatazama kilichotoka, na kama si upanga wa kale unabatilisha muamala wote. Ada ya kasha inamrudia, kilichomtoka ni gesi. Anarudia mpaka aupate.

Tenganisha hatua mbili. Kwanza mchezaji analipa, na mkataba unaandika namba ya bloki ijayo, tuseme ya sasa jumlisha 5. Bloki hiyo ikishapita, mtu yeyote anaweza kuita kazi ya kufungua, na hashi ya bloki ile ndiyo mbegu.

Hapa pana shimo ambalo wengi hawalioni. Amri ya blockhash, inayotoa hashi hiyo, inakumbuka bloki 256 za mwisho tu. Kwa sekunde 12 kila moja, ni kama dakika 51. Muda huo ukipita haikupi kosa, inakupa sifuri. Mkataba usiokagua sifuri unaichanganya na namba ya kasha na kuendelea kana kwamba hakuna kitu, na jibu la hesabu hiyo linajulikana hata kabla ya kulipa. Basi mtu anasubiri namba ya kasha ambayo sifuri inaipa joka, analipa, ananyamaza saa nzima, kisha anafungua. Kagua sifuri. Kasha lililochelewa litoe kitu cha chini kabisa, na ada isirudi, maana ukiirudisha umempa haki ya kukataa matokeo asiyoyapenda. Tena weka boti yako (programu inayojiendesha) ifungue makasha yote yenyewe.

Zawadi ikiwa kubwa, hata hashi ya bloki haitoshi: mwenye zamu ya kupendekeza bloki anaweza kuiacha zamu ipite ili bahati ibadilike. Kwa mshale hatajisumbua. Kwa joka la pekee, tumia VRF ya Chainlink, huduma ya namba nasibu ambayo kila namba yake huja na uthibitisho unaokaguliwa na mkataba.

Halafu usikokotoe vitu kutokana na namba ya tokeni peke yake. Loot, mradi wa mifuko ya vifaa vya njozi wa Agosti 2021, ulifanya hivyo: vitu 8 kwa kila mfuko, vyote vikitokana na namba ya mfuko. Aliyeusoma mkataba alijua mfuko upi una kitu adimu kabla ya kuuchukua.

mizani:
La (3). Ukilipa tokeni 10 za sarafu ya mchezo kwa kila pambano, wachezaji (na boti) wakizidi mara kumi, sarafu inayozaliwa nayo inazidi mara kumi. Mchezo wa Axie Infinity ulipita hapo. SLP, sarafu yake, haikuwa na kikomo, na matumizi yake makubwa yalikuwa kuzalisha Axie (viumbe wa mchezo huo) wapya, yaani wachumaji wapya wa SLP. Bomba la kutolea maji likawa linalisha bomba la kuingizia. Februari 2022 waliiondoa SLP kwenye mapambano ya Adventure na kazi za kila siku.

Weka fungu la siku lisilobadilika, mfano 20,000, ligawanywe kwa alama. Ubaya wake: boti zikija, fungu la mchezaji halisi linanyauka, hivyo alama zitoke kwenye kazi ngumu kuiandikia programu. Upande wa kuchoma, yaani kuiondoa sarafu kwenye mzunguko: ukarabati wa silaha ni bora kuliko uboreshaji, kwa sababu uboreshaji una mwisho na upanga hauachi kuchakaa. Binafsi ningeanza bila tokeni inayouzwa kabisa. Dhahabu ya kawaida kwenye seva inarekebishwa kwa mstari mmoja. Tokeni iliyokwisha kufika sokoni hairekebishiki bila kuumiza mtu.

pango_giza:
Napingana kidogo na biti_256. Seva ikizimwa, upanga wa mchezaji ni picha tu. Waliotengeneza mchezo wa Dark Forest waliweka mantiki yote kwenye mnyororo na bado ramani ikawa na ukungu: mchezaji anapeleka hashi ya mahali alipo pamoja na uthibitisho wa zk-SNARK (unaothibitisha jambo bila kulifichua) kwamba mwendo wake ni halali. Mchezo wa zamu, wenye hatua moja kila baada ya saa kadhaa, unaweza hilo. Wa mapigo 30 kwa dakika, hapana, hata kwenye tabaka la pili (mnyororo wa ada nafuu unaoegemea ule mkuu).

mfua_upanga:
Nimewapata. Nabaki na seva yenye saini. Ila ufunguo ule wa kutia saini ukiibwa?

biti_256:
Usiwe mmoja, na zisikae nyumba moja. Daraja la Ronin, lililohamisha mali kati ya Ethereum na mnyororo wa Axie, lilihitaji saini 5 kati ya 9. Machi 2022 mshambuliaji alizipata 5, nne kati yake zikiwa za Sky Mavis wenyewe, watengenezaji wa Axie. Zikaondoka ETH (sarafu ya Ethereum) 173,600 na USDC (sarafu inayofuata thamani ya dola) milioni 25.5, na ilichukua siku sita kugundulika. Kwako, tia kikomo ndani ya mkataba: shujaa mmoja asipate zaidi ya uzoefu 2,000 kwa siku hata saini ikiwa sahihi, na vitu adimu visitolewe kwa saini ya seva kamwe, vipitie kasha tu. Kitufe cha kusimamisha kiwe kwenye ufunguo mwingine, nje ya seva hiyo.