Govan ya Glasgow ilipotelea wapi?

kijana_kibokoni
Wadau salaam. Kuna mzee hapa maskani ashikilia kua Muislamu wa kwanza kuingia bunge la Uingereza alichaguliwa Govan, kule Glasgow. Nimepekua orodha ya maeneobunge ya saivi, Govan sioni. Atuongopea ama?

baharia_wa_zamani
Mzee yuko sawa bana. Mohammad Sarwar, mzaliwa wa Pakistan, 1997 kwa tiketi ya Labour, akaapa kwa Qur'an. Alishinda kwa kura 2,914 tu na aliyembwaga ni msichana wa SNP, chama cha wanaotaka Uskoti ijitenge, aitwa Nicola Sturgeon, ndo huyo huyo baadae akaja kuongoza serikali ya Uskoti. Govan ilifutwa 2005, coz Uskoti ishapata bunge lake Edinburgh tangu 1999 so viti vyake vya London vikakatwa kutoka 72 hadi 59. Sarwar akahamia Glasgow Central, na 2010 alipotoka akaingia mwanawe Anas 😂 kumbe si huku kwetu pekee.

mama_wa_likoni
Wao wapunguza, sisi Mombasa 2013 twaongezwa Nyali na Jomvu. Mie Govan naijua kwa Ibrox, uwanja wa mpira wa Rangers, basi.

msomaji254
@baharia acha hizo, Sturgeon alishinda Govan 2007

baharia_wa_zamani
Hiyo ni Govan ya bunge la Edinburgh ndugu yangu, jina moja mabunge mawili. Nayo 2011 ikaondoka, ikaja Glasgow Southside.

shekhe_wa_kura
Mwaruka utamu wenyewe. Govan ilianza 1885, mtaa wa kuunda meli, na kwa miaka mingi ngome ya Labour, lakini uchaguzi mdogo ndo ulikua kiboko yao. 1973 Margo MacDonald wa SNP akawapokonya, hata hakukaa, Februari 1974 uchaguzi mkuu wakamtoa. Haya, 1988 mbunge wao Bruce Millan akaenda Brussels kua kamishna wa Ulaya, Labour wakaona kiti kiko mfukoni maana mwaka uliopita walikua wameongoza kwa zaidi ya kura 19,000, weee, Jim Sillars wa SNP akakibeba kwa 3,554. Na Sillars ni nani? Mumewe Margo! 1992 Labour wakakirudisha.

mama_wa_likoni
Mke na mume kiti kimoja 🙆🏽‍♀️ hapo mie sina la kusema

kijana_kibokoni
Shukran sana. Na Sarwar baba mtu aliishia wapi?

baharia_wa_zamani
Alirudi Pakistan akawa gavana wa Punjab, tena mara mbili. Ila ilibidi auache uraia wa Uingereza kwanza.