Mrejesho: Shemeji yangu na swali la "Mama wa Mungu"

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nimjibu nini shemeji yangu mlokole anayesema Mungu hana mwanzo, basi Maria atakuwaje Mama wa Mungu?

Tumekaa naye Jumapili, chai na Biblia mezani. Luka 1:43 hakuipinga: Elizabeti anasema "mama wa Bwana wangu". Ila akang'ang'ania kwamba Maria alizaa ubinadamu tu. Hapo hoja ya Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ndiyo iliyombana. Nestori, askofu wa Konstantinopoli, alitaka tuishie kwenye "Mama wa Kristo". Sirili, askofu wa Aleksandria, akakataa: mama hazai asili (umungu au ubinadamu), huzaa nafsi, yaani yule mwenyewe anayezaliwa, na aliyezaliwa Bethlehemu ni nafsi moja tu, Mwana wa milele. Umungu hakuupata kwa Maria. Mwili ndio aliupata kwake. Nikamuuliza, je, aliyekufa msalabani ni nani? Kimya, akajimiminia chai.

Kuhusu rozari hajabadilika, wala sikutegemea. Ila kusikia kwamba hata Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alilishika jina la "Mama wa Mungu" kulimshtua kweli. Sasa anataka tusome Mtaguso wa Kalsedonia, wa mwaka 451. Mwenye maelezo mepesi ya zile asili mbili za Kristo, umungu na ubinadamu, anisaidie.