Video za ziwani huchukua saa nyingi kubanwa: nipunguzeje mahesabu?

Mpigapicha wa Kirumba
Ndugu wadau, salaam. Dakika 10 nilizorekodi mwaloni Kirumba, Mwanza, wachuuzi wakipanga magunia ya dagaa, kompyuta mpakato yangu huzibana kwa H.265 (kanuni ya kupunguza ukubwa wa faili la video) kwa muda wa dakika 50 hivi. Dakika 10 nyingine nilizorekodi nikielekeza kamera kwenye Mwamba wa Bismarck, ulio ziwani hapa Mwanza, upepo ukivuma na maji yakijaa nusu ya picha, zilichukua karibu saa mbili, na faili likatoka kubwa zaidi. Sina fedha za kununua mashine nyingine. Ipo njia ya kupunguza kazi hiyo bila kuharibu picha?

Fundi wa Ilemela
Mkuu, muda mwingi wa enkoda, yaani kibanaji cha video, huishia katika kutafuta. Kwa kila kipande cha picha hurudi kwenye fremu nyingine (picha moja kati ya zile zinazounda video) ikisaka mahali panapofanana nacho, ili iandike tu kimesogea wapi na kimebadilika nini. Ikipekua kila nafasi hadi pikseli (nukta za picha) 16 kila upande, kipande cha 16 kwa 16 hulinganishwa mara 1,089, na kila mlinganisho ni kutoa mara 256, mara moja kwa kila pikseli; fremu ya 1920 kwa 1080 ina vipande 8,160 vya namna hiyo, kwa hiyo hesabu hupita bilioni 2 kwa fremu moja. Ndiyo maana enkoda nyingi hupima nukta chache zilizopangwa kwa umbo la almasi, husogea upande wenye tofauti ndogo, kisha husimama. H.265, iliyotoka mwaka 2013, ina mzigo mwingine: eneo la 64 kwa 64 hugawanyika hadi 8 kwa 8, na anayetaka kujaribu migawanyo yote atapima vipande 85.

Sasa tazama maji yako. Gunia la dagaa likibebwa begani hubaki na umbo lake, na enkoda ikilikuta katika fremu iliyopita huacha kutafuta mapema. Kiwimbi kinachometa juani hakina pacha, kwani fremu ya pili mng'ao umeshahama na kugeuka. Enkoda husaka, hugawanya, husaka tena, na mwishowe huandika karibu kila kitu upya.

Ongeza kasi ya programu (preset) kwa ngazi moja au mbili, punguza fremu za rejea, yaani zile ambamo enkoda husaka, zibaki 2, na upitishe kichujio chepesi cha kuondoa chembechembe za picha (noise) kabla ya kubana. Kamera isimame juu ya miguu mitatu, ili mwamba uliotulia urukwe bila kupimwa.

Msafiri wa Ukerewe
Mimi hutumia enkoda iliyomo ndani ya kadi ya picha ya kompyuta (GPU). Ni ya haraka mno, ila kwa ubora uleule faili huwa kubwa zaidi, jambo linaloumiza unapolipia bando. H.266, mrithi wa H.265 wa mwaka 2020, iache kwanza. Inajaribu migawanyo mingi zaidi, na mashine yako italia.

Mpigapicha wa Kirumba
Ahsanteni. Nimejaribu dakika 2 za majini kwa maelekezo ya Fundi: kutoka dakika 24 hadi 13, faili likiongezeka kidogo. Mng'ao umebaki vizuri, ila kichujio kimefuta mikwaruzo ya mwamba, kwa hiyo nitakipunguza nguvu na kurudia usiku huu.