Tupeane uzoefu: Halmashauri ikitaka kuweka sheria ya maegesho kwenye mitaa ya makazi, ninyi mlifanyaje?

Mkazi wa Kona

Habari za jioni wakuu.

Mtaa wetu uko Dar, viwanja vilipimwa zamani, na barabara ya ndani ni nyembamba kiasi kwamba gari moja likiegeshwa mawili hayapishani tena. Zamani nyumba zenye gari zilikuwa za kuhesabu. Sasa karibu kila geti lina gari, na nyumba za wapangaji zina magari manne matano ambayo hayana pa kulala isipokuwa nje. Ongezea baa, kanisa, na ofisi zilizohamia kwenye nyumba za kuishi. Usiku ukitaka kutoka na mgonjwa, kwanza unapita kugonga mageti kuomba watu wasogeze magari.

Diwani wetu anasema kamati ya mipango miji ya halmashauri inajadili utaratibu wa maegesho kwenye mitaa ya makazi. Mezani kuna mapendekezo matatu: kuruhusu upande mmoja wa barabara na kukataza wa pili, kutoa stika kwa wakazi, au kutoza wageni kwa saa kama inavyofanyika katikati ya jiji. Jambo hilo litaingia baraza la madiwani pamoja na mambo ya kila robo mwaka: taka, mitaro, leseni za biashara, mapato ya soko. Kabla ya hapo mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameitisha mkutano.

Msimamo wangu nauweka wazi. Barabara ya mtaa ni ya kupita kwanza, kuegesha baadaye. Na kama mtu atalipia stika, aonyeshwe hela yake imefanya nini mtaani kwake. Ila sitaki kwenda mkutanoni na maneno matupu. Waliopitia hili, ndani au nje ya nchi, naomba mtueleze: utaratibu gani ulifanya kazi, upi ulihamishia tatizo mtaa wa pili, na mlimfikiaje diwani mpaka akawasikia?

Mama Wawili

Mkuu, nimekulia Sinza. Watu wanalaumu wakazi bila kujua historia. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma uliopata fedha za Benki ya Dunia. Viwanja vilikuwa vidogo, njia za ndani nyembamba, na walengwa walikuwa watu wa kipato cha kawaida waliopanda basi. Nani angefikiria gari kila nyumba? Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoa mzima, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Njia za ndani ni zilezile.

Kilichotuamsha sisi ni moto. Nyumba ya jirani ilishika usiku, hitilafu ya umeme. Tulipiga 114 na zimamoto walifika barabara kubwa mapema kuliko tulivyotegemea. Wakakwama kwenye kona ya kuingilia, kwa sababu Noah ilikuwa imeegeshwa upande huu na gari dogo upande ule, na gari la zimamoto halikati kona hiyo bila kutanua. Vijana walilinyanyua lile dogo kwa mikono wakalisogeza mtaroni. Mwenye ile Noah alikuwa baa, ikabidi atafutwe meza kwa meza. Vyumba viwili viliteketea na mama mmoja alitoka na kanga aliyojifunga tu.

Baada ya hapo hatukusubiri sheria. Wajumbe walipita nyumba kwa nyumba tukakubaliana jambo moja tu: hakuna kuegesha kwenye kona, pande zote. Tukapanga mawe tukayapaka chokaa. Mwenye baa alikaidi mpaka mtendaji alipomwandikia barua, na baadaye akaweka kijana wa kuelekeza magari ya wateja wake. Kwa hiyo ushauri wangu, anzeni na kona. Mengine ya upande gani na stika ya nani yanaweza kujadiliwa mwaka mzima, lakini kona ikizibwa hata gari la wagonjwa na boza la maji havipiti.

Mtendaji Mstaafu

Nimekaa kwenye vikao hivi kwa upande wa watumishi, niseme ninayoyajua.

Kwanza, ada au faini haitozwi kwa tangazo la mdomo. Lazima iwe sheria ndogo. Kwa halmashauri za miji tunaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, Sura ya 288. Wananchi wanatangaziwa kusudio, wanatoa maoni au pingamizi, baraza linapitisha, inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, kisha inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mtu akija kukutoza mtaani, una haki ya kumuuliza namba ya tangazo.

Pili, barabara hizo za ndani tangu 2017 ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Halmashauri inaweza kupitisha azimio zuri kabisa, lakini mistari, vibao na matuta vinahitaji mhandisi wa TARURA. Nimeona maazimio mazuri yakilala kwa sababu mhandisi hakuitwa mapema. Mwiteni kwenye mkutano wa mtaa, atembee njia yenyewe na mita yake mkononi. Akisema upana hautoshi kuegesha upande wowote, mjue mapema.

Tatu, njia ya hoja. Mkutano wa mtaa unaandikiwa muhtasari. Muhtasari unakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo kamati ya kudumu ya halmashauri, halafu baraza. Bila muhtasari uliosainiwa, diwani anasimama barazani na maneno ya barabarani, na watumishi watamuuliza kielelezo.

Sasa niwape kisa. Kikao cha baraza kina mpangilio wake: kufungua, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za kamati. Jambo la maegesho halisimami peke yake. Linakuwa ukurasa mmoja ndani ya taarifa ya mipango miji, katikati ya vibali vya ujenzi na malalamiko ya taka. Madiwani wamechoka, chakula kinasubiriwa, linapita. Safari moja walikuja akina mama wa mtaa mmoja wakakaa kwenye viti vya wananchi. Wananchi wanaruhusiwa kusikiliza, hawaruhusiwi kuchangia. Lakini walikuwa wamempa diwani wao daftari la shule. Ndani, kwa wiki kadhaa, waliandika kila usiku magari mangapi yamelala nje, ya wakazi mangapi, ya wageni mangapi, na mara ngapi gari la taka lilirudi bila kuingia. Diwani alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mapendekezo yaliyokuja barazani yalikuwa ya kutoza wakazi, na daftari lilionyesha kwamba magari mengi yaliyoziba njia yalikuwa ya wateja wa kumbi za sherehe. Hoja ilirudishwa kamati iandikwe upya. Sijawahi kuona hotuba ikifanya kazi kama lile daftari.

Mbeya hadi London

Asante Mtendaji, hilo la daftari hata huku linafanya kazi.

Hapa London kila halmashauri ina maeneo yake ya maegesho yanayodhibitiwa. Mkazi analipia kibali cha mwaka. Sehemu nyingi bei inategemea moshi wa gari, na gari la pili nyumba moja linalipiwa zaidi. Mgeni wako naye anahitaji kibali cha muda unachonunua wewe. Kabla amri haijapita wanabandika tangazo kwenye nguzo za taa na gazetini, na una siku 21 za kuandika pingamizi. Karatasi zile watu wanazipita kila siku bila kuzisoma, halafu wanalia mistari ikishachorwa.

Mtaa wetu uko karibu na stesheni. Asubuhi watu wa mbali walikuwa wanaacha magari kwetu wanapanda treni, jioni wanarudi kuyachukua. Halmashauri ilitaka kudhibiti kutwa nzima. Wakazi tukaomba udhibiti wa muda wa saa mbili tu, katikati ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu wa treni hawezi kurudi saa sita mchana kusogeza gari, kwa hiyo haji kabisa. Na shangazi akija jioni kukusalimia halipi kitu. Hii naipendekeza kwa mtaa wowote wenye tatizo la watu wa ofisini. Kama tatizo ni baa, basi saa ziwe za usiku. Jueni kwanza nani anawabana na saa ngapi.

Ila kulikuwa na madhara. Mtaa wa pili haukuwa ndani ya mpaka, na magari yote yalihamia kwao. Mwaka uliofuata wao ndio waliokuwa wanabeba makaratasi ya saini. Mkazi wa Kona, usikubali mtaa mmoja uchorewe peke yake, ombeni kata nzima iangaliwe kwa pamoja hata kama utekelezaji utakuwa wa awamu.

Kuhusu hela, kuna kesi inayofaa kujulikana. Halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London, mwaka 2011 ilipandisha kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100, na cha mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Wakazi walikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ongezeko hilo halikuwa halali, kwa sababu sheria ya maegesho haikuwekwa ili halmashauri ikusanye mapato ya ziada. Sheria yetu ni nyingine, lakini swali ni halali popote: ada hii ni ya kusimamia maegesho au ya kujaza bajeti?

Saruji na Nondo

Mimi nina frem ya vifaa vya ujenzi, naomba msitusahau. Kwetu walikataza kuegesha mbele ya maduka kutwa nzima. Mteja wa mifuko kumi ya saruji hawezi kuibeba begani kutoka barabara kubwa. Nilipoteza wateja wa kirikuu wote. Tulikwenda kwa mtendaji wa kata wenye frem wote kwa pamoja, hakuenda mmoja mmoja, tukaomba muda wa kupakia na kushusha asubuhi. Wakakubali. Sasa lori linashusha kabla wanafunzi hawajajaa njiani, na mchana gari la mteja linasimama kupakia tu. Kwenye mkutano wenu hakikisheni wenye biashara ndogo wapo, hata mama ntilie, maana gari likiegeshwa mbele ya meza yake siku yake imeisha.

Kijiwe cha Bodaboda

Na sisi pia. Kila wakipanga maegesho ya magari, kijiwe chetu ndicho kinachofutwa. Pikipiki sita zinakaa nafasi ya gari moja na tunahudumia mtaa mzima. Tuchoreeni.

Dada wa Minneapolis

Huku kwetu Minneapolis, Marekani, theluji ndiyo inayopanga maegesho. Jiji likitangaza dharura ya theluji, siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi hakuna kuegesha kwenye barabara kuu zilizotajwa. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye mitaa ya kawaida huegeshi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa hizohizo, huegeshi upande wa witiri. Ukikosea gari linavutwa na brekidauni.

Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wanafika wakati wa kiangazi, hawajui chochote, na theluji ya kwanza inawakuta. Kina mama wa jumuiya yetu walianza kutuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili kila dharura inapotangazwa: leo shufwa, kesho witiri. Nalileta hapa kwa sababu ya hilo pendekezo la upande mmoja. Kuruhusu upande mmoja milele kunawaudhi wenye nyumba wa upande huo, ambao kila siku wanafungiwa geti. Kupokezana kwa namba za nyumba ni haki zaidi, na watu wanakumbuka, mradi mtu awakumbushe kwa lugha wanayoisikia.

Mpwani wa Kenya

Salaam aleikum. Sisi huku ada za maegesho hupitia Sheria ya Fedha ya kaunti kila mwaka, na Katiba ya 2010, Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Tangazo hutoka gazetini na kikao huwekwa ukumbini siku ya kazi asubuhi, wakati watu wako kazini. Tulijifunza kupeleka maandishi. Kurasa mbili, majina na vitambulisho, zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mwakilishi wetu wa wadi alizitumia kwenye kamati, na vichochoro vya makazi vikatolewa kwenye orodha ya sehemu za kulipia. Muhuri ule muuweke vizuri, maana mwaka ukifuata rasimu mpya inaweza kuvirudisha.

Nesi wa Zamu

Nimesoma yote, hakuna aliyetutaja wapangaji. Nyumba ninayoishi tuko familia saba na magari matatu. Stika zikitolewa kwa kiwanja, mwenye nyumba ndiye atakayezishika, na nawahakikishia zitaingia kwenye kodi au zitauzwa kwa mwenye hela. Mimi natoka zamu ya jioni usiku mkubwa, na gari nililikopea mkopo hasa ili nisitembee saa hizo. Nikikuta nafasi yangu amepewa mtoto wa mwenye nyumba asiyeishi hapa, niegeshe wapi, nitembee kutoka wapi? Na mikutano ya mtaa ya Jumamosi asubuhi sisi hatupo, tuko wodini. Tunaomba jina letu liingie kwenye hayo maandishi.

Mtendaji Mstaafu

Nesi, hoja yako ni ya msingi na inatibika kwenye rasimu. Pendekezeni stika itolewe kwa mtu anayeishi pale, kwa barua ya mtendaji wa mtaa na kadi ya gari, hata kama kadi ni ya mkopo, na isiombwe hati ya kiwanja. Iandikwe namba ya gari ili isiuzwe. Na kwa walio zamu, maoni ya maandishi yaliyopokelewa ofisi ya mtaa kabla ya mkutano yanaingizwa kwenye muhtasari. Andika leo, mpe mjumbe wako, na baki na nakala.